Kopo la Saba

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa porini, nyuma ya shule yetu ya Kasekese, nakusanya makopo ya maziwa. Ni somo la ramani. Watoto wanayatafuta kwa GPS ya simu, kila kopo kwenye kituo chake. Anayelipata anachukua zawadi iliyomo, anaacha karatasi yenye jina lake. Ofisini, kwa wakubwa wa elimu, walilipenda somo hilo hadi wakaniletea fomu ya kurasa nne. "Mwalimu amefika kila kituo kwa miguu?" Nikaweka tiki saba.

Nilifika vituo sita. Cha saba nilikibonyeza kwenye ramani nikiwa kitandani. Jua lilikuwa kali. Kopo lake lilibaki chini ya meza yangu, tupu. Watoto wakilikosa, ningesingizia nyani.

Nyuma yangu, majani makavu... kwacha, kwacha.

"Mwalimu, cha saba nimekipata."

Alikuwa Aline, wa darasa la sita. Kiganjani ana ushanga mweupe. Ananuka udongo wa mvua.

Ulikuwa mwezi wa nane, katikati ya kiangazi.

"Umeutoa wapi?" nilinong'ona.

"Kwenye chungu, kule kichakani. Kina unga unga hivi."

"Ukaacha nini?"

"Karatasi yangu. Si ndiyo sheria, mwalimu?"

Wenyeji huweka unga kwenye vyungu vya namna hiyo kwa ajili ya mizimu yao. Hawachukui kitu. Jina la mtu hawalitamki hapo kabisa. Ramani haikuonyesha kwamba kituo cha saba kiko hapo, na mimi sikwenda kuona.

Nilinyakua ushanga, nikautupia kichaka kwa mbali, kama mtu anayemrushia mbwa mkali mfupa.

"Twende nyumbani, Aline."

Alikikazia kichaka macho, hakugeuka.

"Aline!"

Kutoka kichakani, sauti yake ikaitika:

"Abee, mwalimu..."

Mdomo wake, hapo mbele yangu, ulikuwa umefumbwa.

Wiki ya tatu sasa. Mama yake, Immaculata, ananisubiri getini kila asubuhi.

"Mwalimu, nyie mlimpeleka wapi mwanangu? Nikimwita ndani, anaitikia nje."

"Vituo vyote nilivikagua mwenyewe, mama."

Ofisini wamenipongeza. Wanataka somo lifike shule kumi zaidi.

Leo nikifagia, nililigusa kopo chini ya meza. Likalia. Ndani kulikuwa na karatasi, imelowa, inanuka mvua. Mwandiko wa Aline:

"Nipo cha saba. Mwalimu amefika?"

Pembeni, kisanduku cha tiki. Kitupu.