Tinga wa Mwaka 1931

Kila asubuhi ya likizo, Ruth alifagia uwanja wa nyumba yao kule Miritini, kisha akampelekea chai Hawe, bibi yake. Asubuhi hiyo alifagia huku akiimba.

Alikuwa na sababu. Ofisi ya ardhi ilitaka uthibitisho, kabla ya saa sita siku hiyo, kwamba wazee wao waliishi hapo tangu zamani. Wakishindwa, wangepoteza kiwanja. Baba yake, Ruwa, jana alikuwa kwenye zamu bandarini Kipevu, kwa hiyo Ruth ndiye aliyekwenda kwenye ofisi ya kumbukumbu za kaunti. Hawe alimngoja nje. Karani, Bi Alawiya, alimletea daftari kuukuu la wenye nyumba.

"Pekua polepole, mwanangu," alimwambia.

Polepole wapi! Ruth alipoona "Tinga Ruwa, Miritini, 1931" alikaribia kupiga kigelegele. Tinga Ruwa ni babu yake! Akajaza fomu aliyopewa na Bi Alawiya, akaandika kwa wino kwamba mwenye nyumba huyo ni babu yake, akarudi nyumbani kifua mbele.

Sasa alifika penye kaburi la babu, nyuma ya nyumba. Fagio likamganda mkononi. Msalaba uliandikwa: Tinga Ruwa, alizaliwa 1946.

Mtu angewezaje kuwa na nyumba miaka kumi na mitano kabla ya kuzaliwa? Anyamaze? Ofisi ikigundua, wataitwa waongo na nyumba iende. Aseme? Baba alikwisha kuwasifia majirani wote binti yake.

"Ruth!"

"Abee, baba."

"Lete fomu niipeleke, nachelewa!"

Alimkabidhi. "Baba, nimekosea. Nilichoandika si kweli." Akaeleza yote, machozi yakimtiririka.

Baba aliitazama saa. Ilikuwa saa tatu. Aliyecheka ni Hawe.

"Kwani hujui desturi yetu? Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Tinga alimzaa Ruwa. Ruwa akamzaa Tinga, mume wangu. Naye akamzaa Ruwa huyu, babako. Huyo uliyemwona ni babu wa babu yako!"

Walikimbilia kwa Bi Alawiya, roho juu. Akawapa fomu mpya na daftari lile lile. Safari hii Ruth alipitisha kidole mstari kwa mstari. Kurasa nyingi mbele akamkuta Ruwa Tinga, Miritini, 1954. Sasa mlolongo ulikamilika, akauandika kwenye fomu, wakaikimbiza ofisi ya ardhi. Saa sita kasoro dakika kumi, afisa wa ardhi aliisoma fomu, akaisoma tena, akagonga muhuri.

Ruth alishusha pumzi. Baba akamshika bega.

"Fomu ya kwanza ingetutoa kwetu, mwanangu. Haraka ndiyo iliyokukosesha, lakini ukweli wako umetuokoa. Ukikosea, sema mapema, kungali na nafasi ya kurekebisha."

Kesho yake Ruth alifagia tena penye kaburi. Aliinama, akausoma msalaba wote, hadi herufi ya mwisho.