Vimipira vya Gari la Mpima Ardhi

Kaunta ya duka la spea ilikuwa imefurika, kila mtu anapunga kifaa chake kibovu. Mpima ardhi, shati la kaki limenyooka kwa pasi, alishika kimpira cha injini kilichopasuka. Dada mwenye ovaroli ya bluu akamnyang'anya.

"Hiki ni cha kuvuta hewa. Hicho unachouziwa ni cha maji."

"Kwani wewe daktari?"

"Fundi. Mlete mgonjwa gereji kwa mjomba wangu."

Mgonjwa akaletwa: gari kuukuu la kupandia milima, vimipira vimesokotana chini ya boneti kama nywele za mtoto mkaidi. Fundi akavifuata kimoja kimoja kutoka kwenye kabureta, akavipitisha mbali na bomba la moshi, na kila klipu akaigeuza masikio juu, kama desturi yake. Injini ikatulia.

Simu za mpima ardhi zikaanza.

"Umekula, ua langu?"

"Nimekula grisi. Wewe je?"

Wiki haikuisha, gari likarudi linatetemeka. Vimipira viwili vimebadilishana mahali! Likarudi tena, na tena. Mafundi wenzake wakamcheka: "Mapenzi yamemtia upofu!" Mjomba, aliyemwahidi kumkabidhi kitengo cha injini, akakohoa. "Mpwa wangu, mikono yako bado." Kitengo akapewa mwingine.

Mara ya nne, fundi alitazama kabla ya kugusa. Klipu mbili zilikuwa masikio chini. Akapiga simu.

"Nani kashika injini yako?"

"Hata salamu, mpenzi?"

"Nani?"

"Mimi. Gari likiwa zima, ningekuja kwa mjomba wako na sababu gani?"

"Wiki tatu najiona sijui kazi. Na wewe unajua!"

"Nilikupenda mno."

"Njoo uyaseme hayo hapa."

Akaja mchana, gereji imejaa, akayasema yote. Wenzake wakainamisha vichwa. Mjomba akajifuta jasho. "Nimekukosea, mpwa wangu. Lakini kitengo nimeshampa mwenzako. Neno limetoka."

Fundi alirudisha vimipira mahali pake, akafunga boneti, akamkabidhi mpima ardhi ufunguo.

"Nilitaka Jumamosi nilete wazee wangu kwenu," mpima akasema.

"Wazee hao ungewaleta siku ya kwanza, na gari lako zima," fundi akasema. "Ningekupokea."

Akamwita mteja aliyefuata.