Saa Nne za Simu Iliyozimwa

"Weka mkono juu ya msahafu, Raihana. Kisha uniambie."

Mwanangu ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuswali magharibi, udhu wake haujakauka. Akaweka mkono. Miaka kumi na mitano, vidole vyembamba kama vya marehemu babake.

"Wallahi, mama, leo simu nimeishika nusu saa. Haikuzidi."

Nikamgeuzia simu yangu. Ripoti hiyo hapo, kwa rangi nyekundu: Raihana, saa tano na dakika arubaini.

"Na hii ni nini?"

"Sijui, mama."

"Anaapa uwongo mbele ya macho yetu!" Jamaldin akaruka kitini. "Mahfudha, mtoto akifika hapa basi hata Mungu hamwogopi. Mitandao ishamla!"

Huyu Jamaldin ni mume wangu wa pili. Kazi yake ni kutembeza watalii Ngome ya Yesu, na maneno anayo kwa lugha tano. Mimi nauza leso Biashara Street. Miaka miwili nyuma aliingia dukani kwangu akanunua doti moja. Kesho yake akarudi, doti ile ile. Siku ya tisa nikashindwa kujizuia:

"Kaka, kwani una wake wangapi wewe?"

"Sina hata mmoja. Namnunua muuzaji, kidogo kidogo."

Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Mjane wa miaka minne kachekeshwa! Ningemkataa kwa kinywa kipi?

Ni yeye aliyempa Raihana simu yake ya zamani, siku aliponunua mpya. Mimi na woga wangu wa mitandao nikaweka sharti: saa moja kwa siku. Zaki, fundi wa simu jirani na duka langu, akaniwekea programu ya kuniletea ripoti kila magharibi. Ripoti zikaja. Saa tano. Saa sita. Nikafoka, nikanuna, mwisho ndiyo nikamwapisha.

"Apelekwe Malindi kwa shangazi yake," Jamaldin akasema. "Akabadilishe hewa. Na simu ifungiwe."

"Mama, nimeapa," Raihana akasema polepole.

"Ndiyo uchungu wenyewe huo, umeapa!"

Jumamosi nikampandisha basi. Hakulia. Alinibusu mkono tu, akapanda. Niliporudi nikaizima ile simu, nikaitia kabatini chini ya leso zangu za harusi, nikafunga kwa ufunguo.

Jumapili magharibi niko jikoni nageuza samaki, simu yangu ikalia.

Raihana, saa nne na dakika kumi na mbili.

Nikaenda kabatini. Simu ipo. Imezimwa, baridi kama maiti. Maiti kachati saa nne! Mimi ni mtu wa kucheka hata matangani, lakini siku ile meno yaligoma kutoka.

Asubuhi nikamwekea Zaki ile simu mezani.

"Nieleze jini la humu ndani."

Akaiangalia, akaangalia ripoti, kisha akaangalia barabarani kama anayetafuta pa kukimbilia.

"Bi Mahfudha, hii kabla ya Raihana ilikuwa ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Basi haikufutwa. Akaunti iliyomo bado ni yake, hiyo hiyo aliyo nayo kwenye simu mpya. Na ripoti yahesabu akaunti, si simu. Kwa hiyo zile saa..." Akakohoa. "Nyingi ni za mzee."

"Iwashe."

"Mamangu, haja gani ya kujitafutia—"

"Iwashe, Zaki!"

Ikawaka, ikashika mtandao, na jumbe zikamiminika. Za Jamaldin na mtu aitwaye Mejumaa.

Mejumaa: "Umekula, mume wangu mtarajiwa?"

Jamaldin: "Hakipiti kitu kooni mpaka nisikie sauti yako."

Jumapili, saa nane mchana. Jumapili saa nane mchana mtu huyu alikuwa mezani kwangu, sahani ya pili ya biriani, anaulizia kachumbari!

Hiyo ningeweza kuimeza. Iliyonikaba ni iliyofuata.

Mejumaa: "Yule mtoto ashaondoka?"

Jamaldin: "Kaondoka. Ile ripoti ilikuwa yanihesabu mimi, kesi kabeba yeye."

Akatia na vicheko vitatu.

Alasiri aliporudi kazini alikuta meza tupu, juu yake msahafu peke yake.

"Leo hatuli?"

"Tutakula. Keti, mume wangu. Weka mkono hapo, uniambie saa nne za jana zilikuwa za nani."

Akautazama msahafu. Akanitazama mimi.

"Mke wangu, sina udhu."

"Nilijua. Maji hayo kwenye birika, na karai lipo miguuni pako. Nimekupashia moto kidogo, usije ukapata mafua."

Akakunja mikono ya shati. Akaosha viganja. Akasukutua. Alipofika uso akasimama, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Mahfudha, dini imeniruhusu wanne."

"Imekuruhusu. Ungeniambia, ningelia, ningekununia, na mwisho pengine karamu yako ningeipika mimi. Lakini ni wapi imekuruhusu uketi hapa, wajua ukweli, mwanangu anaitwa muongo na mkono wake uko juu ya msahafu?"

"Mambo yalienda mbio, sikupata nafasi ya—"

"Nafasi ya kusema hamwogopi Mungu uliipata!"

Akajifuta kidevu kwa kiganja.

"Malizia udhu, Jamaldin, uape. Ama kachukue nguo zako, ukamalizie kwa Mejumaa."

Akachukua nguo.

Nikapiga simu Malindi.

"Wifi, nipe mwanangu."

"Naam, mama."

"Nisamehe, Raihana. Saa zile zilikuwa zake. Jumbe nimeziona."

Nikasikia watoto wakicheza nyuma yake.

"Mimi nilianza kuziona tangu Ramadhani," akasema. "Ile nusu saa niliyokuwa nikiishika simu, nilikuwa nazificha. Usije ukazikuta."

"Ukazificha! Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ulikuwa ushaanza kuimba jikoni, mama. Tangu babangu afe hukuwa ukiimba."

Nikaketi sakafuni kando ya karai. Mtoto niliyemhesabia dakika, naye akinihesabia nyimbo.

"Rudi nyumbani. Kesho asubuhi nakutumia nauli."

"Nitarudi. Lakini na wewe uniapie kwanza. Kwamba nikikuapia tena, utaniamini."

"Nakuapia, mwanangu, wallahi—"

"Si hivyo, mama. Kama ulivyoniapisha mimi. Niko hapa, nasikiliza."

Birika la Jamaldin lilikuwa pale pale, maji yamebaki nusu, yashapoa. Nikaiweka simu chini bila kuikata, nikakunja mikono, nikaanza na viganja.