Ukurasa Uliofungiwa Karanga

Kila alasiri Ursula alimsaidia mama yake kukaanga karanga mbele ya nyumba yao pale Nyasura, mjini Bunda. Mwaka ule wa 1985 sabuni na sukari zilikuwa zimeanza kuonekana tena madukani, lakini karatasi bado ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Mama alifungia karanga karatasi yoyote aliyoipata: magazeti ya zamani, hata madaftari yaliyojaa.

Shuleni nako vitabu vilikuwa haba. Darasa la Sita zima lilikuwa na kitabu kimoja tu cha misemo ya Kiingereza. Mwalimu Masatu alikipangia zamu: leo huyu anaenda nacho nyumbani, kesho anampa mwenzake. Wiki ile kiligombewa kwelikweli, kwa sababu Ijumaa wangechaguliwa wawili wa kwenda kushindana Kiingereza mjini Musoma, na maswali yote ya uchaguzi huo yangetoka ukurasa mmoja, wenye misemo ya kitenzi "take".

Zamu ya Ursula ilikuwa Jumatano. Alikariri ukurasa wote. Ndege ikiruka, "take off". Mtoto akifanana na mzazi wake, "take after". Hakuwahi kufika Musoma, na alitamani safari ile kuliko sikukuu. Lakini zamu ya kesho ilikuwa ya rafiki yake Dorkas, na Dorkas alikuwa mwepesi wa kushika. Roho mbaya ikamwingia Ursula. Akauchana ule ukurasa, akauficha chini ya mkeka.

Alhamisi Dorkas alilia darasani. "Mwalimu, ukurasa haupo!" Kila mtu alipoulizwa alikana, na Ursula naye akakana. Jioni aliinua mkeka, asikute kitu. Akaogopa kuuliza.

Ijumaa Mwalimu Masatu aliingia na pakiti ya karanga. "Nimenunua kwa Mama Ursula," alisema, akizimimina mezani. Alipoikunjua karatasi, waliokaa mbele waliangua kicheko. Ilikuwa nusu ya ukurasa uliopotea, ikinukia karanga.

Mwalimu hakucheka. "Kumbe mtu mzima anachana kitabu cha shule! Makongoro, wewe ndiye kiranja. Nenda kamwite huyo mama."

Ursula aliwaza mama yake akiletwa mbele ya watoto kama mwizi. Angenyamaza, nani angejua? Lakini Makongoro alipofika mlangoni, uvumilivu ulimshinda.

"Mwalimu, usimwite mama! Ni mimi. Niliuchana ili Dorkas asiusome. Mama ameuokota tu chini ya mkeka, hajui kitu."

Dorkas akamkodolea macho. "Mimi nakushikiaga nafasi kwenye dawati, halafu wewe unanifanyia hivi?"

"Nisamehe," Ursula akasema, machozi yakimlengalenga.

Nusu ya pili ya ukurasa ilikuwa imeshaondoka na mteja mwingine, labda imefika hadi kijiji cha Guta. Bahati nzuri yote ilikuwa kichwani mwa Ursula. Mwalimu alimpa karatasi ya mfuko wa saruji aandike humo nusu hiyo upya, kisha awafundishe wenzake. Uchaguzi ukasogezwa hadi Jumatatu, na yeye asingeshindana.

Ilimuuma sana. Hata hivyo alifundisha kwa moyo wote. Kwa "take off" alikimbia ametandaza mikono mpaka akajikwaa kwenye dawati. Darasa likacheka hadi kuvunjika mbavu, hata Dorkas.

Dorkas na Makongoro ndio waliokwenda Musoma. Walirudi na zawadi, kitabu kipya kabisa.

"Zamu ianze na nani?" Mwalimu akauliza.

"Na Ursula," Dorkas akajibu.

Mwalimu akatabasamu. "Sawa. Kukiri kosa mbele ya darasa ni kazi ngumu kuliko kukariri misemo mia. Aliyeiweza kazi hiyo tunamwamini. Na nyote mkumbuke, elimu haipungui ukimgawia mwenzako. Mmeona wenyewe, Ursula alipofundisha, sote tumeshinda."

Ursula alikimbia nacho nyumbani. Mama alipokiona alivuta karai lake pembeni. "Kiweke mbali na mimi, mwanangu! Mimi nafungiaga karatasi yoyote!"

Kesho yake, kabla ya kengele, Ursula alimkabidhi Dorkas kitabu, kurasa zote zikiwamo.