Kichupa cha Mkojo wa Bolle

Kila asubuhi, kabla ya kupanda baiskeli kwenda shule, Femke humchumia Bolle majani mabichi kando ya mfereji. Bolle ni simbilisi wake, kijinyama cha manyoya kisicho na mkia, mnene kama boflo. Lakini siku hizo alikuwa amekonda, na hata tango alilisusia. Daktari wa wanyama, Bi Hoekstra, alihofia figo. Alimpa Femke kichupa, akamwagiza asafishe kizimba na kukikausha vizuri, aondoe nyasi zote, kisha amletee mkojo, hata kama ni matone machache.

Jumamosi Femke alikaa sakafuni akimkodolea Bolle macho. Bolle naye akamkodolea yeye. Alipokojoa hatimaye, mkojo haukufunika hata kitako cha kichupa.

"Huo mkojo wa sisimizi," kaka yake Jorrit alimcheka. "Utampelekea daktari bila haya?"

Jorrit alipotoka, Femke alifungua bomba, akakijaza kichupa mpaka shingoni.

Huko kliniki, Bi Hoekstra alitia tone kwenye kipimo, akachungulia, akapima tena. Kisha akamweleza baba yake Femke, aliyewaleta yeye na Bolle, kwa upole kwamba figo nzima huukoleza mkojo, lakini huu ulikuwa mwepesi mno. Huenda figo za Bolle zilikuwa zimekwisha, na pengine huruma ilikuwa kumdunga sindano, alale asiamke. Baba akapenga kamasi.

Femke alihisi masikio yakiwaka moto. Kusema ni aibu. Kunyamaza ni kumzika Bolle.

"Daktari, si figo zake," alisema kwa sauti ndogo. "Ni bomba letu."

Baba aliganda na leso puani. Bi Hoekstra hakumkaripia mtu. Alimwomba baba amshike Bolle juu ya meza, naye Bolle, aliyekuwa mchoyo asubuhi nzima, akamwaga ukarimu wake wote mezani na kwenye shati la baba. Daktari akaufyonza ule wa mezani kwa sindano. Ulikuwa umekolea vizuri. Figo zilikuwa salama. Alipomchungulia kinywani, akakuta meno ya nyuma yamerefuka hata hawezi kutafuna. Akayapunguza.

"Tone la kweli linanitosha, Femke," alisema akinawa mikono. "Ukiliongeza, nitamtibu mgonjwa asiyekuwepo, na huyu aliyepo atakufa."

Femke aliitikia kwa kichwa. Baba naye akaitikia, kisha akauliza kwa adabu kama sabuni imebaki.