Meno ya Mzee Andati

Mzee Andati alikuwa na siku nne kaburini, huko Khayega, simu yake ilipopokea ujumbe wa hongera. Ilikuwa Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ujumbe ulitoka kituo cha mionzi mjini Kakamega: amemaliza vipindi thelathini na vitatu vya matibabu ya saratani ya koo, majibu ya picha ya mwisho yako tayari, aje Alhamisi saa nne.

Binti yake, Edah, aliusoma mara tatu. Baba yake hakupigwa mionzi hata siku moja. Alikufa akipigania pumzi, uvimbe umemziba koo, akingoja zamu yake. Edah aliichukua simu akaenda nayo polisi.

Mpelelezi Jescah Chepkorir hakuwa mtu wa kubembeleza wafiwa. Alimpa kiti, hakumpa pole.

"Nani alikuwa anafuatilia mambo ya hospitali?"

"Baba mdogo, Philip. Tangu Januari yeye ndiye alikuwa na kitambulisho cha baba, kadi na hii simu, mpaka nilipoichukua baada ya mazishi. Kila asubuhi alikuwa anaendanga kuuliza. Akirudi anasema foleni bado."

Saa saba mchana Jescah alimkuta Philip nyumbani kwake, shali shingoni, jagi la maji kando. Alikunywa funda moja kila baada ya maneno machache. Obusuma, ugali wa nyumbani, mbele yake ilikuwa imepoa bila kuguswa, na mkewe alisema ni majonzi tu.

"Uliza yule Sammy wa kwa mashine," Philip alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Yeye ndiye alikuwa ananirudishanga. Zamu ya ndugu yangu ameuzia mtu, afande."

Maneno hayo yaliingia akilini kwa urahisi, na hilo lilipaswa kumtia Jescah shaka. Halikumtia. Saa tisa alifika kituo cha mionzi pamoja na Edah, pingu za Sammy mkononi.

Sammy, mtaalamu wa mashine, alifungua kompyuta. Alieleza kwamba mgonjwa hupigwa kwanza picha ya kichwa na shingo, na daktari huchora juu yake mahali pa kuchoma. Kisha kila siku, kabla ya mionzi, mashine humpiga picha nyingine. Haiwashwi mpaka picha hizo mbili zilingane, mfupa kwa mfupa.

"Zililingana siku zote?"

"Zote thelathini na tatu, madam. Aliyelala siku ya kwanza ndiye aliyelala siku ya mwisho. Alikuja na kitambulisho na sura inafanana. Kitu kimoja tu kilitushangaza. Barua ya rufaa ilisema uvimbe ni mdogo, wa kupona. Kwa picha ulikuwa mkubwa. Tukadhani umekua akingoja."

Edah aliinama kwenye skrini, akaweka kidole kwenye taya la chini.

"Haya meno ni ya nani?"

"Si ya mzee wako?"

"Baba hakuwa na meno ya mbele ya chini. Aling'olewa manne kimila akiwa kijana, kama watu wote wa rika lake. Huyu yuko nayo yote."

Jescah alirudisha pingu mfukoni. "Nani kwenu anafanana na baba yako, lakini alizaliwa watu wameshaacha kung'oana meno?"

Edah alikaa chini. Philip alikuwa mdogo wa baba yake kwa miaka kumi na tisa.

Alhamisi, saa nne kamili, Philip aliitwa kituo cha mionzi eti atoe ushahidi dhidi ya Sammy. Alikuja na chupa yake ya maji. Mezani palikuwa na barakoa ngumu ya plastiki yenye matundu, iliyofinyangwa juu ya uso wa mgonjwa ili asitikisike chini ya mashine. Iliandikwa ANDATI.

"Vaa," Jescah alisema.

"Hiyo ni ya marehemu."

Jescah alimvua shali. Ngozi ya shingo ilikuwa nyeusi, imekakamaa kwa kuchomwa na mionzi, mpaka wake umenyooka. Kisha akamvisha barakoa kwa mikono yake mwenyewe, na ikamkaa puani, kidevuni na kwenye paji la uso bila nafasi ya kupitisha ukucha.

Philip hakubisha tena. "Nilipimwa Disemba, nikakutwa na ugonjwa huo huo, nikapewa zamu ya Agosti. Yake ilikuwa Februari. Niko na watoto wadogo, Edah. Yeye alikuwa amefika miaka sabini na moja."

"Ungemwomba, baba mdogo."

"Angenipa. Ndiyo maana sikumwomba. Angenipa, halafu afe kila mtu akijua ni kwa sababu yangu."

"Alikuwa anakuombea kila asubuhi ukitoka."

"Nilikuwa namsikia," Philip alisema.

Sammy aliingia na bahasha ya majibu. Philip alinyoosha mkono haraka, lakini Jescah aliiwahi.

"Jina la mgonjwa?"

"Andati," Sammy alisema.

"Huyo amekufa. Majibu ni ya binti yake."

Edah alifungua, akasoma taratibu mpaka chini. Philip alimkazia macho usoni, asipate kitu.

"Edah, mama, niambie tu. Uvimbe umeisha ama umebaki?"

Edah aliikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba na kufunga zipu.

"Hii ni ya baba yangu," alisema, akamwacha hapo na Jescah.