Mguu Mmoja Chuo cha Zamani

Lifti ya hospitali ilikwama saa ya kuona wagonjwa, ikiwa imejaa watu, vikapu na chupa za uji, hata pumzi ikawa ya kugombania. Katikati ya msongamano huo alikuwamo mwanafunzi wa uuguzi, sare yake nyeupe imepigwa pasi mpaka imesimama, akimtuliza mama mmoja aliyekuwa akiwaita watoto wake wote kwa majina. Mlango ulipobanduliwa kwa chuma, kilichoonekana kwanza ni kichwa cha mwanamume, juu karibu na dari, pua imepakaa grisi.

"Poleni jamani," kile kichwa kilisema. "Nani anatoka kwanza?"

"Huyu mama. Na wewe ungekuja mapema."

"Ningejua umo humu, dada, ningelala hapa juu tangu jana."

Watu wakaangua kicheko, hata yule mama. Mwanafunzi hakucheka, ila alipopewa mkono apande, aliushika kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na grisi ikabaki kwenye sare. Kesho yake fundi huyo wa lifti akaja wodini na sabuni ya kutolea madoa, nywele amezichana, shati la bluu amelifunga hadi kifungo cha shingo. Doa lilififia, halikutoka. Akamwita Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Naye akamwita Fundi, na baadaye majina mengine yasiyowahusu watu.

Chuo cha Kidoti kilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mafunzo ya vitendo yalipoisha ilimbidi arudi, na mapenzi yao yakahamia kwenye simu.

"Umekula?"

"Nitakulaje na wewe uko huko?"

"Muongo mkubwa. Nakusikia unatafuna."

"Karanga hizi, mpenzi. Karanga nazo ni chakula?" Kisha Fundi akaacha utani. "Hamia huku. Chuo cha hapa kina kozi hiyo hiyo. Nitapanga vyumba viwili, kimoja cha vitabu vyako."

Kidoti alitamani kusema ndiyo palepale. Lakini alikuwa akisoma kwa mkopo, na bila mkopo hakuna masomo, basi. Akaenda kumuuliza mama wa mikopo wa chuoni kwake, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mama, ombi la mkopo napeleka lini? Nikishakubaliwa kule?"

"Hapo ndipo wenzako wanapozama, binti yangu. Ukingoja ukubaliwe, dirisha la maombi linakufungia nje. Omba sasa hivi, pamoja na ombi la uhamisho, uandike chuo kipya. Halafu ukikubaliwa tu, njoo hapa usaini kujiondoa. Mkopo haukai vyuo viwili. Usipojiondoa huku, kule hautoki."

Kidoti alifanya yote ila hilo la mwisho. Dada yake mkubwa aliwahi kusomea ualimu, akaacha kumfuata mwanamume, akisema atarudi mwakani. Sasa anafua nguo za watu, na huyo mwanamume hajulikani aliko. Mwakani yake haikufika. Kidoti aliwahi kulala naye kitanda kimoja akimsikia akilia chini ya shuka. Kwa hiyo alipokubaliwa alibeba sanduku akapanda basi, bila kupita kwa mama wa mikopo. Nikiona mambo yametulia nitajiondoa, alijiambia. Nani wa kumlaumu?

Fundi alimsindikiza kujiandikisha, sanduku begani, anatabasamu kama bwana harusi. Karani akabonyeza kompyuta, akatikisa kichwa.

"Mkopo wako bado uko chuo cha zamani. Hukujiondoa kule? Fanya haraka, dirisha linafungwa Ijumaa."

Walipofika kwenye ngazi za nje Fundi akasimama.

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

"Kumbe makusudi."

"Fundi, nisikilize..."

"Nimepaka rangi vile vyumba kwa mikono yangu! Kumbe wewe umekuja kuonja, ukiona chungu urudi. Mguu mmoja huku, mguu mmoja kule."

"Dada yangu alidanganywa hivi hivi!"

"Mimi si yule mwanamume wa dada yako."

Akaliweka sanduku chini, polepole, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Kidoti alijibanza kwa rafiki aliyekuwa naye kwenye mafunzo. Akampigia Fundi asubuhi, akampigia mchana; simu iliita ikachoka. Angeweza kupanda basi mara moja, lakini moyo ulitaka kusikia kwanza sauti ile, na siku zikamwishia akiitazama simu. Ijumaa alfajiri akaamka, akaosha uso, akaenda kituoni. Ameninunia au hajaninunia, alijiambia, nataka kusoma, na nataka kusoma karibu naye.

Alifika chuo cha zamani alasiri, miguu imevimba. Mama wa mikopo alikuwa likizo. Aliyekuwapo ni kijana aliyemsogezea karatasi bila kuuliza kitu. Kidoti akasaini. Mlangoni aliketi msichana aliyekuwa akingojea mtu yeyote aache nafasi. Alipoitwa aliruka kwa furaha, akamkumbatia Kidoti bila kumjua.

Nje, simu ikaita.

"Kidoti, nisamehe. Nimejifungia kama mtoto. Uko wapi?"

"Chuoni kwangu."

"Afadhali! Sikiliza, nimetoka kwa yule karani. Dirisha lilifungwa adhuhuri. Usijiondoe, mpenzi, tafadhali, utakosa kote. Kaa hapo umalize. Nitakungoja, nitakuja kila nikipata likizo, hata kama..."

"Fundi."

"Naam?"

"Nimeshasaini."

"Rudi ndani. Waambie wafute."

"Nafasi wameshaitoa." Akamwona yule msichana akitoka, anampigia mtu simu, anacheka na kulia. Kidoti naye akalia, pale pale juani, wala hakujificha.

Fundi alimfuata kwa basi, akamrudisha. Vile vyumba viwili vilikuwa vizuri kweli. Cha vitabu kilikuwa na meza iliyopigwa randa vizuri na dirisha linaloangalia ua. Fundi alimshika mikono akiwa na shati lile la bluu.

"Nataka kukuoa. Si kwa huruma. Tangu siku ya lifti nilitaka."

"Najua," alisema Kidoti. "Nimekubali." Na alimpenda, hilo halikuwa na shaka.

"Na masomo utarudi mwakani. Nakuapia."

Fundi alisema kwa moyo wake wote, na Kidoti alimwamini. Ila aliposikia lile neno mwakani, alitazama mlangoni. Sare ilikuwa imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na doa lake lilionekana.

Jioni alimpigia dada yake. Dada alipokea simu akiwa bado anafua, maji yalisikika.

"Mdogo wangu! Umeshajiandikisha?"

"Bado, dada. Mwakani."

Kufua kukakoma. Halafu dada akaanza tena kufua, na hakuna aliyekata simu.